Choo Kilichohamia kwa Jirani

Mwishoni mwa miaka ya tisini ilinyesha mvua ambayo Garissa haikuizoea. Mto Tana ulifurika, barabara ikakatika, na nyua za miiba za mtaa wetu zikaondoka na maji. Yalipokauka, kila mtu alianza kuzungushia boma lake upya. Jirani yetu, mwenye duka, alizungushia zaidi ya wengine.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nikiishi kwa mdogo wa mama yangu, mjane aliyeuza maziwa sokoni. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, naye kwa desturi yetu aliniita habaryar vilevile. Jirani tulimwita Haji. Alikuwa amerudi kutoka Makka na ndevu za hina, pamoja na imani kwamba chochote kinachoonekana kutoka kibarazani kwake ni chake. Badala ya miiba alisimamisha mabati mapya yanayoumiza macho, na fundi alipopigilia msumari wa mwisho, choo chetu kilikuwa upande wa Haji.

Habaryar aliporudi kutoka sokoni alisimama mbele ya mabati akashangaa.

"Haji," akaita, "choo yangu inafanya nini kwako?"

"Ardhi ni ya Mungu, dada," Haji akajibu kutoka ng'ambo.

"Sawa. Na choo?"

"Choo kiko juu ya ardhi."

Wazee wa mtaa waliitwa. Walikunywa chai ya Haji yenye iliki na maziwa mengi, wakafikiri sana, kisha wakamshauri awe na subira yule asiye na choo. Habaryar aliwashukuru, akavaa viatu, akaniambia, "Twende kwa serikali."

Mawakili wenye vyeti Garissa walikuwa wachache na hawakuwa wa watu kama sisi. Lakini kwenye kibanda cha chai mkabala na mahakama alikaa mtu aliyevaa koti la suti katika joto lile, na watu wote walimwita Wakili ingawa hakuwa amesomea chochote. Alimpokea habaryar kwa heshima, akanywa maziwa yake, akampa somo.

"Mama, mahakamani watu huangushwa na midomo yao. Ukiulizwa kitu, sema hukumbuki. Sijaona mtu aliyefungwa kwa kusahau."

Nilimwambia kwamba huo ni ushauri wa kumpa mwizi wa mbuzi, si mama anayedai choo chake. Wakili alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe fundisha hesabu."

Kesi ilianza kwa kuahirishwa. Mara hakimu alikuwa safarini, mara faili haikuonekana, mara mkalimani alikuwa na harusi Wajir. Kila tulipoambiwa turudi siku nyingine, Haji alitoka akitabasamu, akaenda nyumbani kwenye vyoo vyake viwili. Sisi tulikwenda kwa majirani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hakuna salamu ndefu kama ya mtu aliyekuja kuomba choo: huwezi kuomba kabla ya kuulizia watoto, mifugo na mvua, nawe huku umebanwa.

Siku kesi iliposikilizwa, habaryar aliapa kwa Msahafu. Hakimu, mtu mnene wa bara aliyekuwa akijipepea kwa faili, akauliza kupitia kwa mkalimani:

"Choo hiki ulikijenga wewe?"

"Sikumbuki."

"Haji alisogeza ua lini?"

"Sikumbuki."

"Unakaa wapi?"

Habaryar aligeuka kumtafuta Wakili. Alikuwa amerudi kwenye chai yake. "Sikumbuki," akasema, sasa kwa sauti ya chini.

Hakimu aliweka faili mezani. "Basi mama, umekuja hapa kudai nini?"

"Choo yangu!" akapaza sauti kwa Kiswahili, bila kumngoja mkalimani. "Hiyo nakumbuka!"

Watu walicheka hadi askari akawatuliza. Mimi sikucheka. Hakimu naye hakucheka, akaamua kwenda kukitazama choo chenyewe.

Haji alijiandaa. Alikipaka choo chetu rangi ya kijani na kukitia kufuli, akatandika mkeka na kuleta soda baridi. Hakimu alikunywa zake zote, akasikiliza jinsi Haji alivyokijenga kwa mikono yake mwenyewe, halafu soda zikafanya kazi yake. Akaomba ufunguo.

Mlango wa choo ulitazama nyumba yetu, kama ulivyotazama tangu habaryar akijenge. Sasa kati yake na mabati palibaki upenyo mwembamba. Hakimu alijipenyeza kiubavu, mlango ukafunguka kidogo ukagonga bati. Alivuta pumzi, akajaribu tena, akakwama tumboni. Mkalimani na askari walimvuta kwa mkono mmoja kila mmoja.

"Haji," akauliza akijipangusa rangi, "wewe huingiaje humu?"

"Kwa... kwa subira, mheshimiwa."

Tulirudi nyumbani tukijua tumeshinda. Kabla ya hukumu, hakimu alihamishiwa mji mwingine. Aliyekuja baada yake alitaka kesi ianze upya, na faili ikaanza tena safari zake za kupotea. Safari hii habaryar hakwenda kwa Wakili. Alisema alichokijua, akaulizwa machache, akapewa haki yake. Haji aliamriwa arudishe mabati yake nyuma, akayarudisha huku akilalamika kwamba serikali haina dini.

Habaryar alifungua mlango wa kijani, akachungulia, akaufunga. Muda wote ule Haji na wageni wake walikuwa wakikitumia, ndugu zake wembamba kutoka Mandera hasa. Shimo lilikuwa limejaa hadi juu.

"Alhamdulillahi," akasema kwa uchungu. "Mahakama imenirudishia kila kitu, na zaidi."

Tulichimba kingine kwenye kona ya pili ya boma. Kabla jembe halijagusa udongo, habaryar alizunguka mtaa mzima akiwaita majirani, Haji akiwamo, waje wasimame na kutazama shimo linachimbwa wapi.