Palizi ya Mwaka wa Waasi

Sisi tuliokua Kisangani ilipokuwa bado Stanleyville, maneno ya kilimo tuliyajua kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Papa, baba yetu, alikuwa kibarua wa mashamba ya majaribio kule Yangambi, na kila aliporudi kwa boti alituletea neno jipya. Kitalu ni pale mche unapolelewa kabla ya kupandikizwa. Kulaza shamba ni kuliacha lipumzike, majani yajiotee. Mama alikuwa akiyafanya hayo yote tangu zamani, ila alimwacha papa ajidai. Sisi tuliyageuza utani: kaka yangu akichelewa kuamka, tulisema shamba limelazwa.

Neno langu lilikuwa palizi. Nilikuwa na miaka tisa na mkono mwepesi, na mama alinisifu mbele ya majirani. Baada ya kazi tulikula muhogo wa kuchoma na samaki, vidole vingali vinanuka udongo. Raha iliyoje!

Waasi walipoingia mjini, uhuru ukiwa bado mbichi, wenye bunduki walimaliza mpunga wa mtaa mzima. Mama akakata miti yote ya muhogo, akaiacha mizizi ardhini, akasema mwaka huu hakuna kupalilia. Majani yakafunika matuta, na kila aliyepita aliona shamba lililolazwa. Chini yake kulikuwa na chakula chetu chote. Sisi watoto hakutueleza, midomo yetu aliijua.

Basi siku moja alipokwenda mtoni, nililionea aibu shamba letu, nikashika jembe. Nilipalilia matuta matano, safi kabisa, nikakaa kumngoja anisifu. Waliotangulia kufika ni wenye bunduki. Waliona matuta, wakachimba shamba zima.

Nilijificha nyuma ya choo nikilia. Mama alinifuata, akanishika mkono, wala hakunipiga.

"Kupalilia unajua, mutoto wangu," alisema. "Kosa iko yangu, sikukuambia."

Miezi ile alikula wa mwisho, na mara nyingi sufuria ilikuwa imeshakwanguliwa. Nilimpenda mpaka nikaumia.

Siku hizi mjukuu wangu anadhani pondu, majani ya muhogo tunayopika, huota ikiwa imeshafungwa mafungu ya sokoni. Jembe hajalishika, lakini juzi alipata alama zote katika mtihani wa kilimo. Nilimpigia makofi, na nilifurahi kwa dhati. Yeye angekosea, angepoteza alama tu; mimi nilipokosea, aliyelala njaa alikuwa mama.