Uvimbe Uliomnyima Pelagia Wembe

Pelagia wa Nyegina alikuwa mpiga chuku, mtoa damu kwa pembe, na kwa majivuno alimpita hata jogoo wa misheni. Mtu akipigwa teke na ng'ombe, damu ikavilia, Pelagia alimchanja, akabandika pembe, akafyonza. Hakuwahi kumrudisha mgonjwa. Mwaka ule wa 1983 zahanati ilikuwa na aspirini na kalenda tu, kwa hiyo wateja hawakumwishia.

Asubuhi moja Jeska alimleta mwanawe Masatu, wa miezi minane, begani ana uvimbe wa bluu, mkubwa kama limau.

"Zahanati wamesema damu imeganda. Alianguka kitandani. Mchanje, mama."

Pelagia akashika wembe. Kwanza, kama alivyofanyaga siku zote, akafinya kwa kidole gumba ajue pa kuchanja. Uvimbe ukanywea. Masatu akaangua kilio, nao ukajaa upya, mkubwa kuliko mwanzo.

"Ulianza lini huu?"

"Alipozaliwa kilikuwa kipele."

"Na kitandani alianguka lini?"

"Juzi."

Pelagia akaweka wembe chini. "Damu iliyovilia hailii pamoja na mtoto. Huu unakunywa kwenye mshipa. Nikichanja, hatutaweza kuuziba."

"Sema umezeeka, mama. Niende Bugwema kwa mpiga chuku Jilala, yeye hafinyifinyi."

Wagonjwa watatu kwenye mkeka walisikia. Mpaka jioni kijiji kizima kingejua Pelagia kaogopa kitoto chenye makamasi. Angeweza kuchanja kidogo tu, heshima ikabaki. Badala yake akamfunga Masatu mgongoni mwake, akashika njia ya Musoma. Jeska akamfuata akimtukana mpaka lori la pamba likawapakia.

Hospitalini daktari kijana alitupa jicho, akasema damu imeganda, akaanza kuandika.

"Mfinye," Pelagia akasema.

"Bibi, subiri nje."

"Mfinye kwanza, nitasubiri hata ziwani."

Kijana akafinya. Akafinya tena. Akaenda kumwita mkubwa wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Huyo alisema ni uvimbe wa mishipa ya damu, hauonekani mara nyingi, si kansa, na huenda ukanywea wenyewe mtoto akikua. Wembe ungemmaliza.

Jeska akakaa sakafuni.

"Mama, ulisomea wapi?" mzee akamuuliza Pelagia.

"Kwenye migongo ya watu. Nyinyi mnafinyaga karatasi."

Mzee akacheka peke yake. Yule kijana akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.