Mpini wa Mninga Uliochongwa Koboko

Kaka yangu Mashaka alirina asali katika misitu ya kusini mwa Tabora tangu ujana wake. Akiingia porini alikuwa na shoka, kamba, chungu cha moshi na kisu kimoja. Kisu hicho aliletewa na dereva wa lori kutoka Koboko, kaskazini kabisa mwa Uganda, na kwa miaka mingi hakutaka kingine. Kiangazi kilichopita moto uliteketeza kambi yake wakati yeye amelazwa hospitali, na kisu kikaungua mpini, chuma kikalegea. Alipotoka hospitali hakuulizia mizinga. Aliulizia kisu.

Kwa wiki kadhaa alizungumza kwa simu na fundi wa Koboko aliyekitengeneza, amfulie kingine, na kila mara walibishana. Dereva yule alikuwa ameacha kazi ya malori, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtuma. Siku moja nilipokwenda kumwona akaniambia, "Hamisi, mdogo wangu, nenda wewe. Yule bwana ukimwachia, atatengeneza anachokipenda yeye."

Mimi nauza vipuri vya baiskeli Mwanza. Kwenda Koboko kwa ajili ya kisu kungewachekesha watu wa soko zima, kwa hiyo niliwaambia naenda kutafuta mali. Nikubali pia kwamba safari ile ilinifaa. Kukaa kando ya kitanda cha Kaka, nikimsikiliza akihema, kulinishinda. Hapa angalau palikuwa na kitu cha kufanya.

Siku ya kuondoka Tabora, Kaka alinipa kipande cha mninga, kimekaushwa vizuri, chekundu kama chai ya rangi. "Huu ndio mpini," alisema. Akanieleza tena, kana kwamba sikuwahi kusikia: ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini uwe mpana kama kisu chenyewe, uonekane juu na chini, mbao mbili zibanwe ubavuni kwa ribiti tatu, mpini unenepe katikati ujaze kiganja. Zamani, kabla ya kile cha Koboko, alikuwa na kisu chenye ulimi mwembamba uliochomekwa ndani ya mti. Kilimvunjikia porini akipasua gogo la mzinga, akatembea hadi barabarani bila chochote mkononi, na usiku alisikia fisi. Tangu hapo hakuamini chuma asichokiona, na kile cha Koboko dereva alisimamia kitengenezwe kwa ulimi mpana.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. "Usimwambie fundi kwamba naumwa. Atanihurumia, na kazi ya huruma haiwi nzuri."

Nilipita Mwanza, nikavuka mpaka Mutukula na kulala Kampala. Asubuhi nikapanda basi la Arua. Pale Karuma mto unapita chini ya daraja kwa kishindo, maji meupe tupu, na nyani wamekaa ukingoni wakingoja maganda ya ndizi. Pakwach ni mto huohuo, lakini umepanuka na kutulia, huwezi kujua kama ndio ule. Baada ya hapo barabara inapanda kuelekea Nebbi, hewa inakuwa nyepesi, na nyumba zinaanza kuzungukwa na mihogo na tumbaku.

Arua nililala siku moja. Sokoni nilisikia Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili kwenye meza moja ya vitenge. Kiswahili chao si cha Tabora. Mama mmoja aliyeniuzia chai aliniuliza, "Weye mutu ya wapi? Unasema kama redio." Nilicheka mwenyewe njia nzima hadi nyumba ya wageni.

Kutoka Arua hadi Koboko ni lami na upepo. Kituoni nilimkuta fundi Abdalla akinisubiri, mtu wa makamo, mrefu, mikono imejaa alama ndogo za cheche. Ni Mnubi, babu yake mkubwa alikuja huko na jeshi kutoka Sudani na kubaki. Alinipokea begi bila kuuliza. "Kaka yako nasema sana kwa simu," alisema. "Mimi nafikiri ye ndiye fundi, mimi iko mutu ya kununua."

Nyumbani mkewe, Zaituni, alitupa kisra, mkate wao mwembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Baada ya kula Abdalla alitandika visu vyake juu ya mkeka. Vyote vilikuwa na ulimi mwembamba uliopashwa moto na kuchomekwa ndani ya kipande kizima cha mti wa shea, mti wa huko unaotoa mafuta, kisha pini moja ya shaba. Vilikuwa vyepesi. Unakishika na kukisahau.

"Kwa nini hupendi ulimi mpana?" nilimuuliza.

"Asubuhi porini chuma iko baridi, nauma mukono. Mukono ikitoka jasho, chuma nashika kutu. Na kisu inakuwa nzito nyuma. Mimi napenda mukono ishike mti, si chuma."

"Na kikivunjika?"

"Yangu haijavunjika." Akageuza kisu kimoja juu ya mkeka. "Lakini ile ya kaka yako ilivunjika. Mutu akivunjikiwa porini, huwezi kumwambia asiogope."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Kila mmoja alikuwa na sababu iliyotoka katika maisha yake.

Kesho yake tulikwenda Oraba, mpakani, kutafuta chuma. Malori yaliyokuwa yakielekea Kaya, upande wa Sudani Kusini, yalikuwa yamepanga mstari, madereva wamelala chini ya matela, na wabadilishaji fedha walituita kwa lugha nne. Abdalla alikuwa akimfahamu fundi wa malori, Mkristo aliyekimbia vita kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, naye akatuchagulia kipande cha springi iliyovunjika. Aligonga kwa nyundo, akasikiliza, akatupa, akachukua kingine. Abdalla aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alikipakata kama mtoto.

Siku iliyofuata nilivuta mvukuto naye akafua. Chuma kilipopoa, alichora ulimi mpana kama Kaka alivyotaka, akautoboa matundu matatu, akapasua mninga wangu vipande viwili. Kufikia hapo hapakuwa na ubishi wowote. Ndipo akaniuliza jambo ambalo Kaka hakulitaja.

"Mukono yake iko kiasi gani?"

Nilinyoosha wangu. "Mkubwa kuliko huu. Mnene."

Zaituni, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akaniambia, "Mpigie simu, baba. Aweke mukono kwa karatasi, achore, atume picha. Nguo ya mutu hushoni kwa kukumbuka."

Nilimpigia Kaka mbele yao. Alijibu kwa sauti ya chini, kisha akaipandisha aliposikia niko wapi. "Picha ya nini? Mwambie mpini mnene! Anaujua mkono wangu, kisu cha kwanza si alitengeneza yeye?"

Abdalla akasogeza mdomo kwenye simu. "Ndugu, weye iko muzima?"

"Mzima kabisa!" Kaka alisema. Simu ikakatika.

Abdalla alinitazama. "Sauti yake imepungua."

"Mtandao," nilisema.

Akaendelea kazi. Alipiga tupa, kisha msasa, na jioni akaupaka mpini mafuta ya shea hadi mishipa ya mninga ikaonekana kama moto unaopita ndani ya mti. Alinipa nishike. Kwangu ulikuwa mnene kidogo, na kwa sababu hiyo nilifurahi. Nilijua mkono wa Kaka ulivyo. Zaituni alishona ala ya ngozi ya mbuzi. Walinisindikiza hadi kituoni, na Abdalla alisema, "Mwambie nimeshindwa, lakini kisu iko muzuri."

Safari ya kurudi sikuona kitu. Nilikuwa naufikiria uso wa Kaka tu.

Tabora nilifika alasiri. Kaka alikuwa amekaa kitini uani, blanketi hadi kifuani ingawa kulikuwa na jua. Akakivuta kisu kutoka kwenye ala, akautazama ulimi juu, akakigeuza akatazama chini, akazihesabu ribiti kwa kidole. "Amekubali," alisema. "Amekubali kweli!" Kisha akakishika kama wanavyoshika wanaokata.

Vidole vyake havikukutana na kiganja. Mkono ule niliouonyesha Koboko haukuwepo tena. Uliokuwepo ulikuwa mifupa na ngozi, na sijui ni miezi mingapi nilikuwa nimeushika nikimwamkia bila kuutazama. Kisu kiliinama chenyewe, kikateleza juu ya blanketi.

"Nitauchonga," nilisema. "Kuna tupa. Dakika chache tu, Kaka."

"Usiukate." Aliuweka mkono juu ya kisu. "Huu ndio niliouagiza."

Baadaye aliomba chungwa. Akaniambia nilimenye kwa kisu hicho. Nilimenya, ganda likatoka mkanda mmoja, naye akala kipande. "Kinakata," alisema, na hakulitaka tena.

Alifariki kabla ya mvua. Hakukitumia hata siku moja.

Sasa naweza kuzungumza na yeyote juu ya visu. Hata mimi nina nipendacho, na ni cha Abdalla: mti mzima, chuma ndani. Lakini mwenzangu akinituma leo nimletee kitu cha kushika, nitamwomba kwanza mkono wake, niukamate, hata kama ananiambia anajua anachotaka. Na ugonjwa wake nitamweleza fundi, anikataze asinikataze.

Baada ya arobaini nilimpigia Abdalla simu. Nilimweleza yote, hospitali, blanketi, vidole. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Ndugu, ungeniambia. Kupunguza mpini ilikuwa kazi ya asubuhi moja."