Jina la Baba kwenye tangazo la kifo

Jamaa, leo nimemuua Baba kwa kompyuta.

Ngojeni kwanza. Nimeweka programu ya Python na seva kwa mashine ya ofisi hapa Kisumu, nijaribu ukurasa wetu wa matangazo ya vifo. Waya ya simu inayoleta mtandao nilikuwa nimeichomoa, kwa hivyo mtu wa nje hangeweza kuuona.

Nilihitaji jina la majaribio. Nikaandika la Baba.

Ukurasa ukafunguka vizuri sana.

Mama alikuwa ameniletea chakula. Akasoma nyuma ya bega langu.

"Futa."

Nikafuta. Nikafungua tena. Jina bado liko.

Tumerudisha waya, tukapiga simu dukani kwa Baba, Asembo Bay. Inaita tu, na Baba hafungi duka mchana.

Aliye karibu huko, tafadhali aende amwangalie.

Mama amekataa kiti. Ameketi sakafuni, kama tuko matangani tayari.