Mpira Mgongoni mwa Baba

Baba alikuwa mnene, na kwa kuwa alifanya kazi ya usiku kiwandani, alilala mchana katika chumba chetu kimoja cha Kaloleni. Majirani waliusifu mkoromo wake, eti ni wa mtu aliyeshiba. Upuuzi mtupu! Hawakuwa wakimwona Mama akiacha kumenya viazi kila pumzi ya Baba ilipokatika, mpaka irudi.

Daktari alimwambia Baba apunguze mwili na alale ubavu. Mama akashona mfuko mgongoni mwa vesti ya Baba, akatia ndani mpira wangu wa kuchezea, ili akilala chali umsumbue ageuke. Nililia kwa hasira.

Baba alipopungua, alinirudishia mpira. Niliuchezea siku moja tu, masikio yangu yote yakiwa dirishani kwake, yakisikiliza pumzi yake. Jioni niliushona tena mwenyewe mgongoni mwa vesti yake.