Fuka ya Shayiri

Mwanakheri, mkunga wa Magogoni, hakusema "uji wa mzazi" kama wanawake wa siku zile. Alisema fuka, kama nyanyake: unga wa mchele, tangawizi, pilipili manga na asali. Mzazi asiyenywa fuka, kwake yeye, alikuwa hajamaliza kuzaa. Watu walimtania kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Naye alijibu kwamba Idi huja kila mwaka.

Mwaka wa njaa, 1943, mchele ulikuwa hadithi. Nyamvula alijifungua katikati ya Ramadhani, na siku ya tatu maziwa hayajashuka; mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mumewe Kalama, mpishi wa Mzungu huko Nyali, akaleta kopo la shayiri alilopewa kazini. Mwanakheri akaitwanga, akaichekecha, akaipika na viungo vyake vyote.

Mama mkwe wa Nyamvula, Kahaso, akaziba mlango. Mwaka uliotangulia alimzika mjukuu, na shayiri aliijua kuwa chakula cha farasi. Desturi ilitaka mpika fuka aonje kwanza. Mwanakheri alikwisha kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, kama mfungaji anavyoruhusiwa. Kahaso hakutosheka, alitaka kuona inapita kooni.

Kila mtu pale, hata Kahaso mtu wa kanisani, alijua kwamba Mwanakheri hakula mchana wa Ramadhani tangu avunje ungo, ila kwa hedhi na uzazi.

"Siku moja nitailipa," Mwanakheri akasema. "Mtoto huyu nitamlipa kwa kitu gani?"

Akaketi, akapiga bismillahi, akainua upawa.

Kahaso akamshika mkono. Haya ilimjaa.

"Weka, Bi Mwanakheri. Saumu yako isiharibike kwa hofu yangu."

Akauchukua upawa, akanywa yeye hadi pilipili ikamtoa machozi, akauliza ni farasi gani angeweza kitu kikali vile. Kisha akampelekea Nyamvula bakuli zima.

Wakamnywesha asubuhi na jioni. Siku ya pili yake, alasiri, maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya hadi akalala na ziwa kinywani.

Adhana ya magharibi ilimkuta Mwanakheri akijitanda kanga aende zake. Kahaso akamvutia kigoda, akamwekea bakuli linalotoa moshi.

"Futuru, dada. Ni fuka, nimeipika mwenyewe."

Mwanakheri akanywa, akasema pilipili haijafika, akaomba tena.