Siku Bi Raya Alipolijaribu Gari

Sie wa zamani, gari lilikuwa halijaribiwi na mtu mmoja. Lilijaribiwa na ukoo mzima, na uamuzi ulitolewa na yule ambaye hajawahi kupanda gari maishani mwake. Siku hizi namuona mjukuu wangu amekodoa macho kwenye simu, kijana mmoja asiye hata na kofia anaeleza gari kwa dakika ishirini, na dakika saba katika hizo anaeleza redio. Kilima hapandi. Mzigo hapakii. Halafu anasema gari zuri, na watu wanamwamini.

Nazungumza na wenzangu waliokua Mtambile miaka ile, kabla mambo hayajageuka. Alfajiri tukienda chuoni kusoma Kurani kwa maalim mwenye bakora iliyofika safu ya nyuma bila ya yeye kunyanyuka. Kisha skuli. Jioni tukicheza nage katikati ya barabara kwa mpira wa matambara, na magari hayakutusumbua kwa kuwa tuliyasikia tangu yangali mbali, tukamaliza mchezo, tukabishana nani kapigwa, ndipo tukapisha. Msimu wa karafuu tulikaa juu ya majamvi tukichambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Chakula chochote ulichokitia mdomoni, muhogo wa nazi au papa wa kuchoma, kilinuka karafuu. Hatukujua kwamba kwa wengine hakinuki hivyo.

Mie nilimaliza darasa la nne pale kijijini nikapasi. Darasa la tano la wasichana lilikuwa mjini Chake, na skuli ingefunguliwa baada ya mvua za vuli. Nilitaka kwenda. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sikumwambia mtu, maana mtoto wa kike wakati ule hakutaka vitu kwa sauti. Baba alikuwa tayari kunipeleka. Mama alikuwa tayari. Aliyebaki ni bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, ni Bi Raya. Aliletwa Mtambile bi harusi akiwa kigori, na tangu siku ile hakuonekana tena barabarani mchana. Akitaka kutoka hutokea mlango wa uani baada ya magharibi, amejifunika buibui na ukaya juu ya uso, akapita njia za mikarafuuni. Nyumba zote za Mtambile alizijua kwa nyuma. Ungemuonesha nyumba ya jirani yake kwa mbele angekuuliza ya nani.

"Hilo gari la kwendea Chake," alimuuliza baba, "si ndilo wanalokaa wanaume magoti kwa magoti?"

"Ndilo, mama."

"Basi hendi."

Baba alikuwa na duka la nguo na mikarafuu kidogo, na alijifunza kuendesha kwenye lori la karafuu la rafiki yake. Mpaka anakufa aliendesha kila kitu kama lori la karafuu. Alikaa siku tatu akiwaza, kisha akamwendea bibi. Je, mama, kama mtoto atakwenda kwa gari letu wenyewe, hakai na mtu, haonekani na mtu? Bibi akafikiri, akasema, "Nilione kwanza." Kwa Bi Raya kuona maana yake ilikuwa kupanda.

Basi rafiki yake baba, Mhindi mmoja mwenye duka pale Chake, akampa gari alijaribu tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, milango miwili, taa za mviringo. Jina la waliolitengeneza silitaji, hawakutukosea lolote. Lilipofika tulilikosha mara tatu kabla halijachafuka.

Wa kwanza kulikagua alikuwa ami yangu, Ami Faki, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza na kununua ng'ombe. Alilizunguka mara mbili bila ya kulitazama usoni, akabonyeza tairi, akainama kutazama tumbo, kisha akafunua mbele ili aione injini. Akakuta tairi la akiba. Akafunika taratibu, akazunguka nyuma akafunua huko, akaiona injini, akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo. "Dogo," akasema, "lakini limekaa vizuri." Hakuwahi kusema hivyo kwa ng'ombe yeyote asiyemnunua, kwa hiyo moyo wangu ukatulia kidogo.

Sifa yake kubwa ilikuwa udogo. Siku ya Jumamosi asubuhi baba alilipitisha kati ya nyumba na jiko, likagusa ukuta huku na huku, likaangusha mtungi mmoja, likasimama mlango wa uani. Bibi aliweza kutoka jikoni akaingia garini bila ya kuonwa na kuku. Mama alikuwa ameshona mapazia meusi kwa madirisha ya nyuma. Bibi akalikagua akiwa bado nyuma ya mlango, jicho moja nje.

"Na yale matundu kule nyuma?" akauliza. Kwenye mfuniko wa injini palikuwa na matundu membamba, safu mbili. "Mtu si anainama tu anachungulia ndani?"

Baba akamwambia pale ndipo ilipo injini, ndani hapaonekani. Bibi akamjibu, "Injini ya gari inakaa mbele, hata mie ambaye sijapanda najua, na wewe usinidanganye mbele ya mtoto." Ami Faki aliijua kweli, lakini hajapata kubishana na mamake na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Akaenda akaleta gunia la karafuu, akalifunga kwa kamba ya makumbi juu ya matundu yote, safi kabisa, kama mtu anayefunga mzigo wa kwenda Hija. Baba alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Alikuwa anataka bibi aseme ndiyo, na kwa ndiyo ile angekubali gari livishwe hata koti.

Kuingia lilikuwa jambo lenyewe. Ilibidi kiti cha mbele kikunjwe, mtu ainame, atangulize kichwa, na sehemu iliyobaki ibaki uani ikisubiri zamu yake. Bibi aliingia, mie nikaingia baada yake, na kiti cha mbele kikawekwa kapu la chakula. Tukaondoka.

Hebu niwape maoni yake, maana ndiye aliyekuwa mjaribu. Sauti: "Linasaga." Mashimo ya barabara: "Limeyahisi yote." Nafasi ya miguu: "Kama mtu hana miguu." Lakini tulipokwenda mwendo kidogo akaegemea, akafumba macho. Bibi alikuwa na mgongo uliomsumbua miaka, na joto la injini lilikuwa linapenya kwenye kiti. "Hamad," akamwambia baba, "hiki kiti kinanikanda. Aliyekitengeneza ana mama." Baba akanitazama kwenye kioo. Nikaanza kuhesabu vitabu nitakavyobeba.

Chake hakushuka. Tulisimama mbele ya skuli ya wasichana, akafunua pazia kwa kidole kimoja.

"Ina ukuta?"

"Ina ukuta, mama."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Akarudisha pazia. Nikaona nimeshapita.

Kurudi, mvua ilianza kutanda. Kuna kilima kimoja njiani, karibu na kijiji alikozaliwa bibi, ambacho hata punda walikipanda wakiwa na mawazo. Tulipoanza kukipanda nikasikia harufu ya karafuu inayoungua. Tukadhani wako watu wanachoma makonyo. Bibi akasema, "Hamad, kukanda kumezidi." Kisha moshi ukaingia, gari likakohoa, likazimika, likaanza kurudi nyuma.

Baba akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki ya mkono hakuwa ameuliza iko wapi, na hakuthubutu kunyanyua mguu akaitafute. "Jiwe!" akasema. "Mtu atie jiwe nyuma ya tairi."

Nikataka kushuka. Bibi akanishika mkono. Nje, kando ya barabara, wanaume na wanawake walikuwa wanakimbia kukusanya karafuu zao kwenye majamvi kabla mvua haijazilowesha, barabara nzima watu.

"Wewe kaa," akasema. "Usionekane."

Akakunja kiti, akashuka yeye.

Bi Raya, mchana kweupe, katikati ya barabara, mvua inamwagika. Kwa kuwa mikono yote ilikuwa na jiwe, ukaya uliruka na hakuwa na mkono wa kuushika. Akatia jiwe. Akaliona gunia linafuka moshi, akalivuta kwa mikono mitupu mpaka kamba ikakatika, na kiganja chake cha kulia kikaungua. Ndipo alipoiona injini. Akaitazama muda kidogo. Hakumuomba baba radhi, lakini alisema, "Kumbe ndipo ilipo," na kwa Bi Raya hilo lilikuwa kubwa.

Watu walikuwa wamesimama, karafuu mikononi. Mie ndani ya gari nililia kwa aibu kwa niaba yake. Kisha mtu mmoja mwenye ndevu, aliyemtambua baba, akaja karibu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Raya. Mie Juma wa Bi Mize."

Bi Mize alikuwa shoga yake wa utotoni. Bibi alimtaja kila wiki. "Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Mama ametutoka, Bi Raya. Huu mwaka wa tatu."

Bibi akasema inna lillahi. Akasimama pale, maji yanamchuruzika usoni. "Mie nilikuwa namngoja aje," akasema. "Sikujua."

Hakurudi garini. Injini ilipokuwa inapoa alibaki barabarani, na watu wakawa wanamjia mmoja mmoja kumwamkia, naye anamuuliza kila mtu mwana wa nani, nani kaoa, nani kafa. Wakatusukuma mpaka juu. Yeye alikipanda kilima kwa miguu, nyuma yetu, akizungumza.

Usiku ule baba alikaa barazani na Ami Faki, amenyong'onyea. Bibi alikuwa mlangoni, kiganja kimepakwa asali. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, sikio nje.

"Kesho nalirudisha," baba akasema. "Na skuli, mama, basi tena. Yaishe."

Nikaanza kuvitoa vile vitabu kichwani, kimoja kimoja.

"Lirudishe," bibi akasema. "Gari zuri, mgongo wangu shahidi. Lakini ukilifunika linazimika, na likizimika mtu hushuka akaonekana. Sasa faida yake n'ni?" Akakitazama kiganja chake. "Mpeleke na gari la abiria."

Baba akageuka. "Kwenye watu wale?"

"Watu wenyewe nimewaona leo. Wana wa Bi Mize. Wajukuu wa Bi Kesi. Mtoto akipatwa na jambo njiani, wale ndio watakaomrudisha. Mie nimejificha miaka arubaini, shoga yangu kazikwa sijui. Huyu namficha ajue nini?"

Ami Faki akasema ng'ombe wake wanamngoja, akaondoka.

Skuli ilipofunguliwa, bibi alitoka kwa mlango wa mbele. Alinishika mkono mpaka barabarani, gari la abiria likasimama, akanipandisha, kisha akawatazama waliomo, benchi kwa benchi, akawaambia, "Huyu wangu." Wakaitikia wote. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha mpaka nikastaafu. Kwa miaka yote ile niliyopanda gari lile hapakuwa na siku moja niliyoshuka bila ya kusikia mtu akisema nimsalimie Bi Raya.

Sasa wajukuu zangu wanapelekwa skuli kwa gari la baba yao. Vioo vyeusi, baridi ndani, injini mbele, kilima kile hawakijui hata kama kipo, maana gari halikihisi. Mwezi uliopita nilimwambia dereva anishushe pale juu. Nilisimama kando ya barabara nusu saa nzima. Magari yalipita mengi, mazuri, vioo vimepandishwa. Nilinyanyua mkono mara moja mbili, kisha nikauteremsha, sikujua namwamkia nani.